Kulipa watu wajikinge na magonjwa ya zinaa: sharti gani, kiasi gani, na wapi mradi huharibika

Mtu mwenye klamidia mara nyingi hajui kama anayo. Hana maumivu wala usaha, kwa hiyo hana sababu ya kwenda kituoni. Madhara yake (ugumba, mimba kutunga nje ya kizazi, maumivu ya nyonga yasiyoisha) yanaweza kujitokeza miaka mingi baadaye, ilhali uamuzi wa kuvaa au kutovaa kondomu ni wa usiku huu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 pekee kulikuwa na maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa manne yanayotibika, yaani klamidia, kisonono, kaswende na trikomonasi, kwa watu wa miaka 15 hadi 49. Motisha ya fedha inajaribu kuziba pengo hilo la muda. Faida ya kujikinga, ambayo kwa kawaida iko mbali na haionekani, inaletwa karibu na kushikwa mkononi kila baada ya miezi michache.

Watu wengi wakisikia habari hii kwa mara ya kwanza hukereka. Wanauliza kwa nini mtu alipwe kwa kujitunza mwenyewe. Swali hilo nalielewa, ila miradi ya aina hii haiharibiki kwa sababu hiyo. Huharibika kwa sababu waliopanga walianza kwa kuuliza "tutoe shilingi ngapi" kabla ya kuuliza "tunalipia nini hasa". Sharti ndilo moyo wa mradi. Likikosewa, utamwadhibu mtu kwa kosa la mwenziwe, au utalipia jambo ambalo lingefanyika hata bila hela zako, au utamfunga mlango yule anayekuhitaji zaidi.

Unalipia nini

Jambo moja liondoke mezani mapema: usilipe kwa maneno ya mtu. Ukimuuliza ametumia kondomu mara ngapi mwezi huu, naye anajua jibu lipi lina hela, atakupa hilo. Hata asiye mwongo atajikuta anakumbuka kwa upande unaolipa.

Zinabaki njia nne. Unaweza kulipia tendo la mara moja, kama kupima, kufuata majibu au kufanyiwa tohara. Unaweza kulipia hali ya mwili, yaani mtu apimwe na kukutwa hana maambukizi. Unaweza kulipia mahudhurio, ya shule au ya kliniki. Au ukatoa fedha bila sharti lolote, ukiamini kwamba umaskini wenyewe ndio unaomsukuma mtu kwenye ngono hatarishi.

Tendo la mara moja ndilo rahisi kuliko yote, na fedha kidogo hutosha. Malawi, mwaka 2004, watu waliopimwa VVU majumbani walipewa vocha za thamani tofauti, kuanzia sifuri hadi takriban dola 3, wazibadilishe kwa fedha pale watakapofuata majibu yao. Wasiopewa kitu walifuata majibu kwa asilimia 34. Waliopewa chochote, hata kidogo sana, mahudhurio yao yalizidi mara mbili ya hapo. Kumbe kilichowazuia wengi hakikuwa hofu kubwa kama ilivyodhaniwa. Pengine ilikuwa mwendo tu, na kazi za siku ile. Lakini angalia kilichofuata. Waliojua kuwa wana VVU walikuwa tayari kununua kondomu mara tatu zaidi ya wenzao wasiofuata majibu, ila kwa wastani walinunua kondomu mbili tu za ziada. Fedha ilileta watu dirishani. Kubadili yanayotokea chumbani ni kazi nyingine.

Hapo ndipo inapokuja njia ya pili, ya kulipia hali ya mwili. Mfano unaofaa kusomwa kwa makini ni utafiti wa RESPECT uliofanyika Kilombero na Ulanga, mkoani Morogoro, kuanzia 2009, Taasisi ya Afya Ifakara ikiwa miongoni mwa waliouendesha. Vijana 2,399, wengi wa miaka 18 hadi 30, waligawanywa kwa nasibu katika makundi matatu. Kundi la kwanza halikuahidiwa fedha za sharti. La pili liliahidiwa shilingi 10,000 kila baada ya miezi minne, na la tatu shilingi 20,000, kwa wale watakaokutwa hawana magonjwa ya zinaa yanayotibika. Wote walipimwa, wote walipewa ushauri nasaha, na aliyekutwa na ugonjwa alitibiwa bure akabaki ndani ya mradi. Alikosa malipo ya mzunguko ule tu. Mzunguko uliofuata alianza upya kama mwingine yeyote.

Baada ya miezi 12, kundi la shilingi 20,000 lilikuwa na maambukizi pungufu kwa asilimia 27 likilinganishwa na lisiloahidiwa kitu. Kundi la shilingi 10,000 halikuonyesha tofauti ya maana. Vipimo vya mwezi wa nne na wa nane navyo havikuonyesha tofauti ya kutegemewa. Ilibidi kusubiri mwaka mzima. Na anayetaka kunukuu takwimu hii aseme yote: hiyo asilimia 27 inatokana na hesabu zilizorekebishwa kwa tofauti za awali za washiriki, na ukipima wigo wa makosa ya makadirio, ukingo wake mmoja uligusa karibu kabisa na "hakuna tofauti". Bila marekebisho, upungufu ulikuwa asilimia 20, na kitakwimu ungeweza kuwa wa bahati tu. Ni ushahidi wa kutia moyo, haujawa wa kumaliza mjadala.

Kwa nini VVU isiwe sharti

RESPECT ilipima pia VVU lakini haikufunga malipo kwenye majibu yake. Naamini huo ulikuwa uamuzi muhimu kuliko mwingine wote katika mpango ule, na kila anayeanza mradi anapaswa kuuiga.

Ugonjwa unaotibika humpa mtu nafasi ya kurudi. Ameteleza, amepata kisonono, ametibiwa, na baada ya miezi minne anaweza kulipwa. Kwa hiyo motisha inaendelea kufanya kazi hata kwa aliyeshindwa, na yeye ndiye hasa unayemtaka. Ukifunga malipo kwenye VVU, siku mtu anapoambukizwa ametoka kwenye mradi maisha yake yote, katika wakati anapohitaji msaada kuliko wakati wowote. Zaidi ya hapo, aliyekwisha kuambukizwa kabla ya mradi hana cha kushinda, na kila mtu mtaani atajua kwa nini fulani hajawahi kupokea. Lipo pia tatizo la kupima matokeo: maambukizi mapya ya VVU kwa mwaka ni machache kiasi kwamba mtu wa kawaida anaweza kuendelea na tabia ileile na bado akalipwa, akajifunza kwamba tabia yake haina shida. Kisonono na trikomonasi hutoa taarifa mapema zaidi.

Sharti la VVU lilijaribiwa Malawi mwaka 2006. Watu na wenza waliahidiwa fedha kama wangebaki na hali ileile ya VVU kwa takriban mwaka mmoja. Ahadi haikubadilisha hali ya maambukizi wala tabia walizoeleza. Baada ya fedha kutolewa ndipo tofauti ilipoonekana: wanaume waliopokea walikuwa na uwezekano zaidi wa kufanya ngono hatarishi, kwa pointi 9 za asilimia, na wanawake waliopokea uwezekano wao ulipungua kwa pointi 6.7. Malipo makubwa ya mkupuo mmoja mwishoni mwa mwaka yaliwakuta wanaume wana hela mfukoni na hawana tena sharti mbele yao.

Ukiyaweka majaribio haya mawili pamoja, fundisho la ratiba linajitokeza lenyewe. Gawa fedha katika mizunguko, na siku ya malipo iwe ndiyo siku ya kutangaza sharti linalofuata. Mtu asitoke na bahasha huku mbele yake hakuna kitu.

Kiasi na mzunguko

Hakuna kiwango kimoja cha dunia nzima. Kinachopimwa ni uzito wa fedha hiyo kwa anayepokea. Kenya, katika eneo la Nyando, wanaume wa miaka 25 hadi 49 walipewa vocha za chakula kama fidia wakifanyiwa tohara ya kitabibu ndani ya miezi miwili. Wasioahidiwa fidia yoyote waliojitokeza walikuwa asilimia 1.6. Walioahidiwa shilingi 200 za Kenya walikuwa asilimia 1.9, yaani kama hakuna kitu. Kwa shilingi 700 wakafika 6.6, na kwa 1,200 wakafika 9.0. Kiasi kilipoanza kufidia siku za kazi ambazo mwanaume angezikosa akiuguza kidonda, watu walianza kuja. Chini ya hapo ilikuwa hela ya kupoteza.

Kwa hiyo kabla ya kupanga kiwango, uliza kujikinga kunamgharimu nini mtu huyu. Anapoteza kibarua cha siku nzima kuja kupima? Anapoteza mpenzi anayemlipia kodi? Kama gharama ni kibarua, unaweza kuifidia. Kama gharama ni mpenzi anayemlisha, shilingi chache kila miezi minne hazitamng'oa hapo, na ni heri kukubali hilo mapema kuliko kumlaumu kwamba hakubadilika. Upande wa juu nao una ukomo: kiasi kisizidi pale ambapo mtu atashindwa kukataa kupimwa hata kama moyo wake hautaki, au mwenza ataanza kumlazimisha aende.

Mzunguko wa miezi mitatu hadi minne unafaa kwa sababu mbili zinazokutana. Akili ya mtu inaweza kuiona miezi minne mbele. Na maabara inahitaji nafasi, kama nitakavyoeleza.

Njia mbadala ni bahati nasibu. Lesotho, vijana wa miaka 18 hadi 32 waliingizwa kwenye droo kila baada ya miezi minne kama wamekutwa hawana kaswende na trikomonasi. Katika miaka miwili maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa asilimia 21.4, na upungufu ulikuwa mkubwa zaidi kwa wale wanaopenda kujaribu bahati. Hao ndio pia wanaopenda kubahatisha kitandani, na ndiyo maana naipenda njia hii zaidi ya watu wengi wanavyoipenda. Bajeti yake nayo haitikisiki: zawadi ni idadi ileile hata kama wote watakutwa salama.

Maabara ndiyo hakimu

Fedha zikishafungwa kwenye majibu, kosa la maabara linakuwa dhuluma. Hapa ndipo wapangaji wengi hupita haraka, nami nitakaa kidogo.

Chukua kipimo kinachosema kweli kwa asilimia 99 kwa mtu asiye na ugonjwa. Kinasikika kizuri sana. Sasa pima magonjwa manne kwa mtu mmoja aliye salama kabisa. Uwezekano wa kuambiwa kwa makosa kuwa ana angalau moja ni karibu asilimia 4. Rudia mizunguko mitatu kwa mwaka, na watu 11 kati ya 100 walio salama watanyimwa malipo angalau mara moja bila kosa lolote. Baya zaidi, ataenda nyumbani na habari za ugonjwa wa zinaa asionao. Ugonjwa ukiwa adimu hali huwa mbaya zaidi: katika watu 1,000 ambao 30 tu wanaumwa, kipimo chenye uwezo wa kuona wagonjwa kwa asilimia 95 kitawaona 28 au 29, na kitawasingizia karibu 10. Robo ya wanaoambiwa wanaumwa hawaumwi.

Dawa ya hilo ni mbili. Punguza orodha ya magonjwa yanayobeba sharti, mawili au matatu yanatosha. Kisha kila jibu la "unao" lirudiwe kwa sampuli ileile kabla ya kumwita mtu, ikiwezekana kwa kipimo kinacholenga sehemu nyingine ya vinasaba vya kimelea. Unaporudia, mtu apewe tiba bila kusubiri kama ana dalili. Malipo yanaweza kusubiri siku mbili, dawa isisubiri.

Orodha yenyewe ichaguliwe kwa kuangalia kama mtu akitibiwa atasomeka kuwa amepona. Klamidia, kisonono na trikomonasi zinafaa. Kwa klamidia na kisonono vipimo vya vinasaba vinaweza kuendelea kuonyesha mabaki ya vimelea vilivyokwisha kufa kwa wiki tatu hadi nne baada ya tiba, kwa hiyo usimpime mtu tena kabla ya hapo ukamnyima hela. Mzunguko wa miezi minne unakuvusha salama. Kaswende ina mtego wake: kipimo cha haraka cha kingamwili kinaweza kubaki chanya maisha yote hata kwa aliyepona zamani. Ukitaka kaswende iwe sharti, lazima utumie kipimo cha RPR, kipimo cha damu kinachotoa kiwango cha kingamwili, na hesabu maambukizi mapya pale tu kiwango kinapopanda mara nne au zaidi, mfano kutoka 1:4 hadi 1:16. Malengelenge ya sehemu za siri yasiwe sharti, hayaponi. Mycoplasma genitalium, bakteria mwingine wa zinaa, ilikuwamo kwenye orodha ya RESPECT, lakini leo ningeiacha nje, kwani usugu wake kwa dawa umeenea. Mtu anaweza kumeza dozi yote, akajizuia, na bado akakutwa nayo.

Sampuli nazo. Mwanamke achukue mwenyewe sampuli ya ukeni kwa usufi (kijiti chenye pamba), faraghani, baada ya kuelekezwa. Kwa vipimo vya vinasaba matokeo yake hayapungui ya mhudumu, na aibu hupungua sana. Mwanaume atoe mkojo wa mwanzo, mililita 20 hadi 30, akiwa hajakojoa kwa angalau saa moja. Mkojo wa katikati, ule watu waliozoea kutoa kwa UTI, hautoshi, na kosa hili hutokea kila mahali kwa sababu wahudumu wamezoea hivyo. Kumbuka pia kwamba mkojo hauoni kisonono cha kooni wala cha njia ya haja kubwa. Kwa watu ambao hatari yao iko huko, sharti la mkojo litawalipa wakiwa wanaumwa.

Gharama za vipimo mara nyingi huzidi motisha yenyewe. Unaweza kuchanganya sampuli nne nne na kurudia moja moja pale tu mchanganyiko unaposoma chanya. Ugonjwa ukiwa kwa asilimia 10 ya watu, utatumia vipimo karibu 60 kwa kila watu 100. Ukiwa kwa asilimia 3, vipimo 37 hivi. Hakikisha kwanza na mtengenezaji wa kipimo kwamba mchanganyiko haufichi maambukizi hafifu.

Ujanja utakaokutana nao

Ujanja wa kwanza ni dawa. Mtu anajua atapimwa wiki ijayo, anakwenda duka la dawa kununua vidonge vya antibiotiki, anameza vitatu vinne. Akipona kweli si haba, ila nusu dozi hujenga usugu na kuficha maambukizi kwa muda mfupi. Tangaza mwezi wa kupima, lakini siku kamili iambiwe siku mbili au tatu kabla. Lililo bora zaidi ni kumwondolea sababu: mtu yeyote anayehisi dalili kati ya mizunguko aruhusiwe kuja kutibiwa bure, dozi kamili, na asipoteze malipo kwa kujitokeza. Ukimwadhibu anayekuja kutibiwa mapema, umenunua ukimya.

Ujanja wa pili ni mkojo wa mtu mwingine. Chupa yenye kipande cha kupimia joto husaidia. Ndani ya dakika nne za kwanza mkojo uwe kati ya nyuzi 32 na 38. Baadhi ya mashine za vinasaba hukagua pia kama sampuli ina chembe za binadamu, hivyo maji matupu hukataliwa. Usiweke mtu wa kusimama chooni. Fedheha hiyo itafukuza watu waaminifu wengi kuliko wadanganyifu wachache utakaowakamata.

Wa tatu ni mtu mmoja kujiandikisha mara mbili kwenye vituo viwili. Alama za vidole zinamaliza hilo, mradi kumbukumbu zake zisiunganishwe na mfumo mwingine wowote.

Siri, na wenza wawili katika mradi mmoja

Kama siku ya malipo wanaotoka na bahasha ndio walio salama, basi wasio na bahasha wametangazwa. Mpangilio mzuri ni huu: kila mtu anaingia chumba kilekile, anakaa muda uleule, anatoka na bahasha ya sura ileile yenye nauli. Motisha inatumwa baadaye kwa simu, na ujumbe wake usitaje jina la mradi. Kwa bahati nasibu, tiketi zitolewe kwa wote, na wasiostahili tiketi zao zisiingizwe kwenye droo. Washiriki wote waelezwe utaratibu huo tangu siku ya ridhaa, ili isiwe hila.

Simu ya nyumbani nayo mara nyingi ni ya mume. Uliza mapema fedha zitumwe namba gani, na uwe na njia ya kulipa mkononi kwa asiye na simu yake.

Mke ambaye mume wake anakataa kondomu ndiye kipimo cha haki ya mradi wako. Yeye hana mwenza mwingine, lakini atakutwa na trikomonasi, atanyimwa hela, na pengine atalaumiwa. Usimwache mume nje. Aalikwe, apimwe, atibiwe hata kama hajajiandikisha, maana ukimtibu mmoja tu, wiki chache baadaye ameambukizwa tena. Wote wawili wajizuie kwa siku 7 baada ya dozi. Kila mmoja alipwe kwa majibu yake mwenyewe. Malipo ya pamoja, ambapo mmoja akikosa wote wanakosa, ni mwaliko wa ugomvi, na nisingeyaweka hata kama mfadhili angeyapenda. Kila mzunguko mwanamke aulizwe peke yake kama kuna vitisho au kipigo, na mhudumu awe anajua ampeleke wapi. Kwa mwanamke aliye katika hali hiyo, badilisha sharti: alipwe kwa kuhudhuria na kumaliza dawa.

Wasichana

Kwa wasichana wadogo njia ya kulipia kutokuwa na ugonjwa siipendekezi kabisa. Huko fedha ifanye kazi ya kuondoa uhitaji. Zomba, Malawi, wasichana wa miaka 13 hadi 22 na familia zao walipewa fedha kila mwezi, wengine kwa sharti la kuhudhuria shule na wengine bila sharti. Baada ya miezi 18, wale waliokuwa shuleni mwanzoni wa kundi la fedha walikuwa na VVU kwa asilimia 1.2, wenzao wasiopewa asilimia 3.0. Malengelenge yalikuwa 0.7 dhidi ya 3.0. Sharti la shule halikuongeza kitu kwenye matokeo hayo. Waliopewa walikuwa na wapenzi watu wazima wachache zaidi.

Afrika Kusini, huko Agincourt, mpango unaofanana na huo uliwapa wasichana 2,537 na walezi wao nafasi ya randi 300 kwa mwezi kwa sharti la asilimia 80 ya mahudhurio, nusu yao wakipokea. Maambukizi ya VVU hayakutofautiana, ingawa kipigo kutoka kwa wapenzi kilipungua kwa karibu theluthi moja. Sababu kubwa ni kwamba karibu wasichana wote, hata wasiolipwa, walikuwa tayari wanahudhuria. Kabla ya kuweka sharti lolote, pima kwanza wangapi wanalitimiza leo. Wakiwa tisa kati ya kumi, tafuta sharti jingine.

Walio na VVU wasiachwe pembeni

Wapewe motisha yao, ya dawa. Shinyanga, watu waliokuwa wameanza ARV karibuni walipewa shilingi 10,000 au 22,500 kwa mwezi kwa kuhudhuria kliniki, hadi miezi sita. Waliobaki kliniki wakiwa na virusi vilivyofubazwa walikuwa asilimia 73 bila fedha, 83 kwa kiasi kidogo na 86 kwa kiasi kikubwa. Hapa kiasi kidogo kilifanya karibu kazi yote, kwa sababu kinacholipiwa ni safari ya mara moja kwa mwezi.

Fedha zikiisha

Mwaka mmoja baada ya malipo ya RESPECT kukoma, nafuu ilibaki kwa wanaume lakini kwa wanawake haikubaki. Zomba, miaka miwili baada ya fedha zisizo na sharti kusitishwa, upungufu wa VVU, mimba na ndoa za mapema ulikuwa umeyeyuka. Anayepanga mradi wa miezi 12 aandike mwezi wa 13 kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Na kama unataka kujua kweli umefanikiwa, hesabu ya washiriki isiwe ya kukisia. Kuona upungufu kutoka asilimia 12 hadi 9 kwa uhakika wa kawaida wa kitakwimu kunahitaji watu 1,640 hivi kila upande, kabla hujaongeza nafasi ya watakaohama au kujitoa. Mradi wa watu 200 utaonyesha chochote unachotaka kuona. Wanaojitoa wafuatiliwe nyumbani, kwa siri, maana wanaojihisi wanaumwa ndio wenye sababu ya kutokuja, na kundi lako litaonekana safi kwa sababu wanaoumwa wamekaa nyumbani kimya.

Mzunguko wa mwisho unahitaji ulinzi wa peke yake. Anayekutwa na ugonjwa siku hiyo hana mzunguko mwingine wa kumrudisha, kwa hiyo hana sababu ya kuja kufuata majibu. Tenga nauli ya wiki hiyo, na iwe ni kwa kufuata majibu tu, yawe yoyote. Mhudumu mmoja na akiba ya dawa za wagonjwa na wenza wao wabaki wiki nne baada ya malipo ya mwisho. Kila mshiriki aondoke na karatasi ya kituo kilicho karibu naye kinachopima na kutibu bila malipo, ikitaja siku na saa, huku kituo chenyewe kikiwa kimekubali kwa maandishi na kimepewa vitendanishi (kemikali za kupimia) vya angalau robo ya mwaka.